Geuzeni Mfuko, Someni Mgongoni

Wanangu wa Ibanda, Kadutu na Bagira, hapa Bukavu, nimelisema jambo hili mpaka sauti imekwaruza, na bado linarudi mlangoni kwangu. Kijana anakuja na mbwa ambaye mbavu zake zinahesabika, manyoya yamefifia, anahara kila wiki. Ananiambia, "Mzee, huyu namlisha chakula cha mfuko, tena cha bei." Naomba kuuona mfuko. Mbele kuna picha ya mbwa mnene anayemetameta, na pembeni yake paja la kuku. Namwuliza, mgongoni wameandika nini? Hajasoma.

Kaeni basi, niwaeleze tena polepole.

Mbwa wa kijijini, kule Kabare au Walungu, hali kwa mtu mmoja. Asubuhi anapata mabaki ya bugali, mchana anakamata panya shambani, jioni anaguguna mfupa kwa jirani, na mbuzi akizaa anawahi kondo la nyuma. Alichokikosa hapa anakipata pale. Huyu wa kwenu mmemfungia ndani ya parseli, ukuta mrefu, geti la chuma. Sababu yenu naielewa. Tangu vita viingie mjini Februari 2025 na benki zikafunga, usiku umekuwa mrefu, na mtu anatamani sikio linalosikia kabla yake. Lakini ukishalifunga geti lile, hakuna protini wala madini yatakayoingia katika mwili wa mnyama yule isipokuwa kwa mkono wako. Chakula kikipungukiwa kitu leo, kesho na mwaka mzima, hana pa kwenda kukitafuta. Ndiyo maana nawasumbua na maandishi madogo.

Kwenye mfuko uliotoka Ulaya, neno la kwanza la kutafuta ni aliment complet. Sheria ya kule inamlazimu mtengenezaji aseme wazi: complet ni chakula ambacho mbwa anaweza kuishi nacho peke yake, complémentaire ni cha kuongezea tu, lazima kiambatane na kingine. Nimeona watu wakimlisha mbwa complémentaire miezi na miezi kwa sababu kopo lilikuwa zuri. Mwangalie pia ni cha nani: chiot ni mtoto, adulte ni mkubwa. Nitarudi kwa watoto, maana hao ndio wanaoniumiza zaidi.

Pili, jina la mbele. Kwa utaratibu wa watengenezaji wa Ulaya, mfuko ukisema au poulet, inatosha kuku awe 4% ya kilichomo. Ukisema riche en poulet, awe angalau 14%. Ukisema goût poulet, anaweza hata asifike hiyo 4%. Someni tena hapo. Paja zima kwenye picha, na ndani sehemu nne katika mia.

Tatu, orodha ya vilivyomo. Hupangwa kwa uzito, kizito kwanza, kabla ya kupikwa. Nyama mbichi ina maji mengi, kwa hiyo inaweza kushika nafasi ya kwanza, kisha ikikaushwa ikabaki kidogo. Unga wa nyama umeshatolewa maji, na ukiandikwa mwanzoni una uzito wa kweli. Angalieni pia nafaka zikigawanywa: mahindi hapa, gluteni ya mahindi pale, pumba zake chini kidogo. Ziunganisheni kichwani mwenu, mara nyingi ndizo zilizostahili kuwa za kwanza. Na sous-produits animaux, yaani maini, mapafu, utumbo na mengineyo, msiyadharau kwa jina. Bukavu tunakula matumbo na tunayalipia. Shida ni mfuko usiosema ni ya mnyama gani.

Kisha zinakuja namba: protini, mafuta, cellulose brute (nyuzinyuzi), cendres brutes (majivu), unyevu. Watu hulinganisha mkebe na mfuko bila kutoa maji, wakadanganyika. Mkebe wenye protini 8% na unyevu 80% una sehemu 20 tu kavu, na 8 katika 20 ni 40%. Mfuko mkavu wenye protini 22% na unyevu 10% unatoa 22 katika 90, kama 24%. Huko Marekani shirika la AAFCO limeweka kima cha chini, maji yakishatolewa: protini 18% kwa mbwa mkubwa, 22.5% kwa mtoto na kwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha.

Wanga kwa kawaida hawauandiki. Jumlisheni hizo tano, mtoe katika 100. Protini 18, mafuta 7, cellulose 4, majivu 9, unyevu 10: jumla 48. Inabaki 52, zaidi ya nusu ya mfuko. Wanga si sumu, mbwa ameishi jikoni kwa binadamu maelfu ya miaka na anaumeng'enya ukiiva. Lakini msilipe bei ya nyama kwa mahindi.

Hata namba yenyewe ina mpaka wake. Protini hupimwa kwa kuhesabu nitrojeni, na maabara haiulizi imetoka wapi. Mwaka 2007 mbwa na paka wengi walikufa Marekani na Kanada kwa kuharibika figo, baada ya gluteni ya ngano kutoka China kutiwa melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi, ili ionekane ina protini. Kwa hiyo namba isomwe pamoja na orodha, na mfuko uwe na jina la mtengenezaji, anwani na namba ya toleo. Ukinunua kwa kopo kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa, mwambie muuzaji akuonyeshe mfuko wenyewe. Akikataa, rudi nyumbani na pesa yako. Tarehe nayo ina mtego: Wamarekani hutanguliza mwezi, sisi hutanguliza siku, na 03/07 si siku moja kwa wote wawili.

Sasa watoto. Mnanunua mtoto wa berger allemand, mnataka awe mkubwa haraka, mnamrundikia nyama tupu. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna, na mwili wake unaanza kukopa kutoka mifupani. Miguu inapinda, anaacha kuruka, analia ukimgusa kiwiko. Mwingine anasikia neno kalsiamu, anamnunulia vidonge juu ya mfuko uliokamilika, naye anamharibu kwa upande wa pili, kwa sababu mtoto wa mbwa mkubwa hawezi kuizuia inapozidi. AAFCO imeweka ukomo wa 1.8% kwa hao. Tafuteni mfuko uliotaja watoto wa mbwa wakubwa, halafu msiongeze kitu.

Nakuja kwa lile linalonichosha kuliko yote. Unga umeota ukungu, mama anasema, "Huu hatuli, mpe mbwa." Hapana, wanangu. Ukungu wa mahindi na karanga huleta sumu ya aflatoksini, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100 kule Kenya, hasa Makueni na Kitui. Ini la mbwa ni dhaifu mbele yake. Anakataa chakula, anatapika, macho na ufizi vinageuka manjano, na mara nyingi tumeshachelewa. Mji wetu una mvua na unyevunyevu, kwa hiyo hata mfuko mzuri ukunjwe mdomo, uwekwe juu ya ubao, uishe ndani ya wiki chache.

Na asiye na dola za mfuko? Wengi hamna, na watoto wenu wale kwanza, hilo halina mjadala. Lakini tunakaa kando ya ziwa. Sambaza, samaki mdogo ambaye aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, analiwa mzima na mifupa yake, protini na kalsiamu pamoja. Nunueni waliovunjika pale Beach Muhanzi, wasiotiwa chumvi, muwachemshe na bugali au wali, karoti au boga, matumbo au mapafu mkiyapata, ini kidogo mara moja au mbili kwa wiki. Msitie kitunguu wala kitunguu saumu, vinaharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inachanika kama vijiti, itupeni asikoifikia. Sufuria hii haijakamilika kama mfuko mzuri, ila naiweka mbele ya mfuko mbaya bila kusita.

Mkibadilisha chakula, changanyeni cha zamani na kipya kwa siku 7 au 10. Akiharisha au akikonda, mpelekeni kwa daktari wa mifugo, na mfuko mwende nao mkononi. Mkiwa mmeshautupa, mtashindwa kumjibu swali lake la kwanza.