Someni Daftari Kabla ya Kulaumu Mtandao

Wanangu,

Usiku ule wa nikahi mliponijia nyuso zimesawajika, sikuwasema. Mlikuwa mmeshasemwa vya kutosha. Mzee wa watu kamshika mkono bwana harusi, jamaa wa Muscat na London wamekodolea macho simu zao wakisubiri kusikia "nimekubali", mara kioo kikawa cheusi. Mliporudi hewani watu walishafika kwenye halua. Na ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Sasa hasira zimepoa, niacheni niseme.

Neno la kwanza mlilonitamkia lilikuwa "mtandao". Siku hizi mtandao ndiye mbuzi wa kafara. Bando likidhoofu, OBS, ile programu mnayorushia harusi laivu, haijifungi. Picha hukatakata, kile kialama cha kijani kule chini hugeuka njano kisha chekundu, fremu hupotea, ikizidi inakatika na kujaribu kuunganisha upya. Lakini programu inabaki wazi mbele ya macho yako. Yenu ilitoweka dirisha zima. Hayo ni maradhi mengine kabisa. Na kama kompyuta yote ingezimika puu, yangekuwa ya tatu: hapo unatazama umeme, betri, feni iliyojaa vumbi, na Windows yenyewe ikiwaka tena huandika katika kumbukumbu zake tukio la Kernel-Power namba 41, maana yake nilizimika bila kuaga. Mtu asiyetofautisha matatu hayo atanunua modemu mpya kumtibu mgonjwa wa moyo. Nanyi modemu mlinunua.

Nilistaafu nikiwa fundi mitambo wa redio. Pale kwenye mtambo palikuwa na daftari la zamu, jalada gumu jeusi, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza asije mtu akachana kurasa za kufungia maandazi. Kila hitilafu iliandikwa: saa, dakika, mshale wa mita ulisoma ngapi, uligusa nini. Aliyeingia zamu hakushika swichi kabla ya kulisoma. Tulimwogopa mkuu wa mitambo, lakini daftari tuliliogopa zaidi.

OBS nayo ina daftari la zamu, tena inajiandikia yenyewe. Kila mnapoifungua inaanza faili jipya lenye jina la tarehe na saa. Mtalipata kupitia menyu ya Help. Ukiifunga programu salama, mstari wa mwisho hutaja idadi ya vipande vya kumbukumbu ya kompyuta (RAM) vilivyovuja, na aghalabu ni sifuri. Nililifungua la siku ile. Mstari wa mwisho ulikuwa wa saa 16:42:07, mmehama kutoka kamera ya kwanza kwenda ya pili, basi. Pamekatika hapo, kama mtu aliyenyamaza katikati ya neno. Nikarudi kwenye faili za zile mara mbili za mwanzo. Zote mbili zimekatikia palepale, kwenye kuhama kamera. Mwezi mzima mlikuwa mmekalia jibu.

Kando ya faili hizo kuna folda la ripoti za kuanguka. Mlipolifungua mkaogopa herufi, mkafunga. Someni mistari michache ya juu tu. Yenu iliandika c0000005. Maana yake programu ilijaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, kama mlevi aliyeingia nyumba ya jirani akidhani kafika kwake. Chini yake imetajwa anwani ya kosa, na faili lililokuwa kazini wakati huo. Lilikuwa la ile plagini ya maua yanayodondoka mnapobadilisha kamera. Sikuihukumu hapohapo, kwani aliyekutwa amesimama kando ya maiti si lazima ndiye muuaji. Lakini nilishajua wa kumhoji kwanza.

Na hapa ndipo nina ugomvi nanyi. Baada ya anguko la pili mlifanya nini? Usiku mmoja mkabadili waya wa kamera, mkashusha ubora wa picha, mkasasisha draiva ya kadi ya picha, mkapiga Windows upya, mkaongeza modemu. Shughuli iliyofuata ikaenda vizuri, mkapeana mikono. Nikiwauliza ni lipi kati ya hayo matano lililotibu, mtanijibu nini? Halafu baada ya kupiga Windows upya mkarudisha folda lilelile la zamani na plagini zake zote. Mmehamia nyumba mpya mmebeba na kunguni.

Badilini kitu kimoja, jaribuni, andikeni. Kimoja. Najua inachosha.

Tangu toleo la 30, la mwaka 2023, programu ikiwa ilianguka, ukiifungua tena inakuuliza kama unataka hali salama, yaani iwake bila plagini wala skripti za nje. Nyinyi mlikuwa mnalikataa swali hilo upesiupesi kwa sababu katika hali salama maua hayadondoki. Mimi nililikubali. Nikahamisha kamera harakaharaka kwa saa nzima, haikuanguka. Kwa hiyo mkorofi yumo kwenye plagini. Mlikuwa nazo 16, nyingine hata hamkumbuki mlizichukua wapi. Mgeni kwenye ufundi angetoa moja moja. Toeni nusu. Ikianguka, mkorofi yuko kwenye nane zilizobaki; isipoanguka, yuko kwenye zilizotoka. Kisha nne, kisha mbili, kisha moja. Majaribio manne, kazi imekwisha.

Ila hitilafu inayokuja ikipenda yenyewe haipimiki, ni lazima muifanye ije mkiitaka. Harusini mnahamisha kamera kila baada ya dakika moja au mbili, ndiyo maana ilikuwa inachukua saa na zaidi. Mimi nikawa nahamisha kila sekunde tano, dirisha la matumizi ya kumbukumbu liko pembeni, kalamu mkononi. Kila maua yalipodondoka, kumbukumbu inayotumika ilipanda kidogo na haikushuka tena. Plagini ilikuwa inaazima bila kurudisha. Laptopu yenye GB 8, na hapohapo mmefungua kurasa za kivinjari zinazoonyesha majina ya watoa zawadi, itavumilia hadi lini? Kamba hukatikia pabovu. Nikaitoa ile ya maua peke yake, nyingine 15 nikazirudisha, nikahamisha kamera mpaka kidole kikafa ganzi. Kumbukumbu haikupanda.

Kwa hiyo mtandao hauna kosa. Modemu ile tutaiuza.

Si kila anguko litakuwa plagini. Siku nyingine daftari litawaambia kadi ya picha imepotea katikati ya kazi. Windows huipa kadi sekunde 2 ijibu. Ikinyamaza, inaiwasha upya, na programu iliyoitegemea inabaki imeshika hewa. Hapo tazameni joto na draiva. Na msisasishe chochote siku ya kazi. OBS ilipotoa toleo la 28 mwaka 2022, ilibadili msingi wa madirisha yake ikahamia Qt 6, na plagini nyingi za zamani hazikufanya kazi mpaka wenyewe walipozitengeneza upya. Sasisheni Jumatatu, siku hamna mteja.

Jambo moja liliniuma kuliko maua. Mlikuwa mnarekodi kwa MP4. Faili la MP4 la kawaida hukamilishiwa faharasa yake mwisho, mnapobonyeza kuacha kurekodi. Programu ikianguka kabla ya hapo, picha zimo lakini hakuna kichezeshi kinachojua zinaanzia wapi. Ndiyo maana kwenye diski hata sehemu ya nikahi iliyotangulia anguko haichezi. Rekodini kwa MKV, hiyo ikikatika mnabaki na yote yaliyotangulia, na kuigeuza MP4 baadaye ni kazi ya dakika chache humohumo ndani ya OBS. Au tumieni MP4 mseto iliyokuja na toleo la 30.2 mwaka 2024. Mngefanya hivyo, familia ingekosa ile "nimekubali", lakini kumbukumbu ya yote yaliyotangulia wangepata. Nendeni mkawaambie ukweli kwamba lilikuwa kosa lenu. Pesa yao ya awamu ya pili msiidai.

Nimewanunulia kauntabuku. Nimeshaandika ukurasa wa kwanza: tarehe, 16:42:07, maua. Wa pili mtaandika nyinyi. Ikianguka tena nipigieni hata saa nane ya usiku, mkiwa mmeshalifungua lile faili na mmeusoma mstari wa mwisho. Nitakachouliza nikipokea simu ni huo.