Nuru Yaonyesha, Lakini Nani Aamue?

Zamani, kabla mji wa Lubumbashi haujajengwa mwaka 1910, watu wa Katanga walikuwa wakiyeyusha mawe ya shaba kwa makaa. Shaba ikiingia motoni, ndimi za moto hugeuka kijani. Moto hauna kinywa, walakini humjulisha mfuaji ni kitu gani kimo ndani yake.

Wataalamu wameifuata njia hiyo mbali sana. Mwaka 1928 Raman, mtu wa Bara Hindi, alionyesha ya kuwa nuru ikipiga kitu, sehemu yake ndogo hurudi ikiwa na rangi nyingine, kila kitu kwa namna yake. Kama vile mtungi mzima ukigongwa hulia, na wenye ufa sauti yake huwa nyingine. Na mwaka 2015 waganga wa Montreal, katika nchi ya Kanada, walieleza habari za chombo chembamba mfano wa kalamu. Fuvu likiisha kufunguliwa, chombo hicho hugusishwa ubongo, nuru ya leza hutoka na kurudi, na kabla sekunde moja haijatimia mashine hutambua kama pale pana kansa. Kazi hii yahitajiwa sana, maana kansa ya ubongo mara nyingi haina mpaka. Hupenya kama mizizi ya majani mabaya, na jicho la mganga haliioni. Hata hivyo katika sehemu 100 zenye ugonjwa, chombo kilitambua 93 tu.

Basi, ikiwa nuru yaonyesha kansa mahali panapompa mtu usemi, je, pakatwe? Pakikatwa, huenda mgonjwa asiweze tena kumwita mkewe kwa jina. Pakiachwa, ugonjwa utamea. Mtu aweza kusema: kibaya king'olewe chote. Neno hili lafaa kwa dhambi. Halifai hapa, kwa kuwa ugonjwa na usemi vimekaa katika nyama moja. Wala si haki kusema mashine imekwisha kuamua. Mashine haikuulizwa lililo jema.

Mwezi wa Septemba 1952 Baba Mtakatifu Pio XII aliwafundisha wataalamu wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu ya kwamba mganga hana mamlaka juu ya mgonjwa ila ile aliyopewa na mgonjwa mwenyewe. Naye mgonjwa si bwana wa mwili wake kabisa, amekabidhiwa autunze. Kwa hiyo yampasa mgonjwa kuulizwa kabla ya kisu, angali na usemi wake. Baba wa watoto wadogo aweza kujibu hivi, na mzee vile, wala hakuna aliyekosa. Hukosa yule afichaye swali, akidhani mtu wa kijijini hataelewa.

Tena wako wagonjwa wanaoamshwa katikati ya kazi, kwa maana ubongo wenyewe hausikii maumivu. Huonyeshwa picha, nao hutaja: nyumba, samaki, kuku. Ulimi ukianza kukwama, mganga huzuia mkono wake, hata kama nuru yaonyesha kansa mahali pale.