Butura ya Miguu

Wakulima wa Karagwe na Kyerwa wana neno ambalo muuza saa za GPS halijui: butura. Ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua tu, kwa sababu mgonjwa hawezi kungoja mavuno. Mnunuzi anautazama mbuni, anataja bei, biashara imekwisha. Serikali imekataza mara nyingi. Butura haiishi, kwa kuwa shida nazo haziishi.

Neno hilo hunijia kila vijana wanaokimbia alfajiri kati ya Kayanga na Omurushaka wanaponiuliza wanunue saa gani. Sehemu ya swali ni ya kifundi. Saa hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu. Inahitaji angalau nne ili ijue ulipo, kisha huunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka. Ukiiweka irekodi nukta chache ili chaji idumu, kijia kinachopindapinda kwenye migomba kinafupishwa, na unaambiwa umekimbia pungufu ya ulivyokimbia. Tena vilima vyetu: dakika sita kwa kilomita ukipanda si sawa na dakika sita ukishuka, lakini saa nyingi za bei nafuu huandika sita ileile. Basi nawaambia watafute yenye vitufe, maana skrini na kidole chenye jasho havielewani. Ya mtumba si dhambi, mradi betri iwe nzima.

Ufundi unaishia hapo. Saa za bei kubwa haziishii kupima ulichokimbia, zinatabiri. Mwili wako unaweza kutumia oksijeni kiasi gani, marathoni utaimaliza kwa muda gani, leo uko tayari au ulale. Zinautazama mti na kutaja bei.

Sisemi zinadanganya. Hata mnunuzi wa butura mara nyingi ana jicho zuri. Ubaya wake uko kwingine: ukishapokea bei, mti si wako tena, na mkono unaoupalilia unalegea. Namwogopea mkimbiaji wa miaka 19 aliyekwisha kuambiwa na mkono wake mwenyewe kwamba atamaliza wa arobaini.

Filbert Bayi alikimbia mita 1500 Christchurch tarehe 2 Februari 1974 akiwa mbele tangu mwanzo, jambo ambalo wajuzi wa mbio waliliona ni kujimaliza. Alishinda kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker aliyekuwa nyuma yake naye aliipita rekodi ya zamani. Saa yenye busara ingemwambia Bayi apunguze.

Lakini mfano huo nao una hila. Waliotangulia mbele wakaishiwa pumzi hatuwakumbuki majina. Na ni rahisi kumhubiria mtu asikilize mwili wake wakati wewe una kocha. Kwa anayefanya mazoezi peke yake kwenye vumbi la barabara ya kwenda Murongo, hiyo namba inayosema “pumzika” huenda ndiyo mlezi pekee aliyenaye, na goti lililopona kwa sababu yake ni goti la kweli. Kwa hiyo ushauri wangu ni wa nusu kwa nusu: nunua mizani, utabiri uufiche kwenye mipangilio.

Kijana mmoja wa upande wa Nkwenda hakuridhika. Alitaka ile ya bei kubwa, na baba yake alikuwa tayari kuuza kahawa ya msimu ujao ikiwa maua ili aipate. Nikamwambia asikubali.

“Kaka,” akasema, “umejuaje kwamba sitashinda?”

Nikamjibu kwamba sijui, ila mibuni ile inawalisha wadogo zake wanne, na hao hawajaulizwa.