Gia Huru na Swali la Ajali

Msimu wa kukata miwa, barabara za murram za Navakholo huwa za matrekta. Trela hujazwa hadi miwa ikaning'inia kando, kisha safari ya kwenda viwandani Kabras au Butali, upande wa Malava, inaanza. Nchi hii si ya milima, lakini ni ya vijito, na kila kijito kina mteremko wake.

Trekta ina pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la nyuma la kushoto, nyingine ya kulia. Shambani dereva huziacha mbalimbali ili akate kona kali mwisho wa shamba. Akiingia barabarani, huzifunga pamoja kwa komeo dogo la chuma. Akilisahau komeo hilo, akakanyaga pedali moja na tani za miwa zikimsukuma kutoka nyuma, trekta itapinda kabla haijasimama. Wakati huo hakuna mtu anayeweza kuinama na kulifunga.

Mambo yakiharibika, siku ya mazishi maneno huwa yaleyale. Siku yake ilikuwa imefika. Kazi ya Mungu haina makosa. Ajali haina kinga. Watu huyasema kwa imani ya kweli na kwa huruma, kwa maana mjane aliyeketi kando ya jeneza hahitaji somo la ufundi. Lakini huruma ya siku ile haijajibu swali: lori likishindwa kusimama mteremkoni, je, ni Mungu aliyeamua, au ni mtu?

Kiswahili chenyewe kimelibeba swali hilo ndani ya neno moja, ajali. Kwa Kiarabu, ajal ni muda uliowekwa, kikomo kisichosogea. Waswahili walilipokea neno wakalipa maana mbili: magari kugongana, na siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Wanachuoni wa Kiislamu wa Basra na Baghdad waligombana karne nyingi juu ya jambo hili. Kundi la Mu'tazila lilishika kwamba binadamu huyaumba matendo yake mwenyewe. Al-Ash'ari, katika karne ya 10, alijibu kwamba Mungu huliumba tendo na mwanadamu hulichuma likawa lake. Linalosahaulika ni kwamba hakuna upande uliomfutia mtu hesabu yake. Hata kwa al-Ash'ari, kilichochumwa kina mwenyewe.

Magari ya siku hizi yamelileta swali hili karibu zaidi. Katika pikapu kama Ford Ranger iliyotoka mwaka 2022, dereva huzungusha kitufe akachagua namna ya mwendo: ya kawaida, ya kuokoa mafuta, ya kuvuta mzigo, ya utelezi, ya matope au ya mchanga. Akichagua ya kuvuta mzigo, giaboksi hukaa na gia nzito kwa muda mrefu mlima unapopandwa, badala ya kubadili badili na kuchemka. Mlima ukishukwa, giaboksi hurudi gia za chini ili injini yenyewe ilizuie gari. Upo pia msaada wa kushuka ulioanza na Land Rover Freelander mwaka 1997, ambapo kompyuta hubana breki za gurudumu moja moja ili mwendo usizidi. Huo unafaa kwenye kilima kifupi chenye matope. Kwa mteremko mrefu na mzigo mzito, mzuiaji wa kutegemewa ni injini.

Sababu ni joto. Breki haziuondoi mwendo, huugeuza kuwa moto. Dereva akikanyaga mfululizo kwa kilomita kadhaa, ngoma ya chuma hupanuka na kujitenga na bitana za breki, na kwenye gari dogo mafuta ya breki huweza kuchemka hata pedali ikazama bila kushika kitu. Ndipo husemwa kwamba breki zimekataa. Ukweli ni kwamba hazikukataa ghafla. Zilikuwa zinachoka tangu juu.

Mwaka 1931 Clessie Cummins, Mmarekani aliyekuwa akitengeneza injini za dizeli, alikuwa kwenye lori lililoteremka njia ya Cajon, California. Breki zilichemka zikaisha nguvu, na chini ya mteremko treni ya mizigo ilikuwa ikikatiza barabara. Mkia wa treni ulipita, lori nalo likapita, kwa nafasi ndogo sana. Wengine wangemshukuru Mungu na kuishia hapo. Yeye alilibeba jambo hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi alipobuni kifaa cha kuifanya injini ya dizeli iwe breki. Kampuni ya Jacobs ilianza kukiuza mwaka 1961.

Msafiri wa Navakholo anayekwenda Nairobi kupitia Eldoret hushuka mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa. Hapo, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi lililotoka Busia na lori viligongana eneo la Migaa, na watu 36 wakafa. Baadaye serikali ikayatenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka. Kwa miaka mingi polisi wamekuwa wakionya juu ya desturi moja ya mteremko huo: dereva kuweka gia huru na kuliachia lori lishuke lenyewe, ili aokoe mafuta.

Gia huru! Jina hilo linastahili kufikiriwa. Injini imeachiliwa, hakuna kinachovuta wala kinachozuia, na lori kwa dakika chache ni jepesi kama ndege. Huo ndio uhuru ambao wengi huutamani, uhuru wa kutoshikwa na kitu. Lakini mwendo ukishazidi, gia ya chini haiingii tena, na dereva aliye huru kuliko wote ndiye asiye na jambo la kuchagua. Hata akiba yenyewe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: injini za kisasa, gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, hukata mafuta kabisa, ilhali kwenye gia huru lazima zinywe kidogo ili zisizime.

Aristotle alilieleza hili kwa mfano wa jiwe. Aliyelirusha hawezi kulirudisha, lakini lilikuwa mkononi mwake. Kwa kipimo hicho, kumuuliza dereva alifanya nini breki zilipokataa ni kuuliza kwa kuchelewa. Alifanya nini kileleni?

Na je, alikuwa peke yake pale kileleni? Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika mwaka 1976 kwamba kosa la mtu huzaliwa na nguvu za jamii iliyomzunguka, na kwamba adhabu haizigusi nguvu hizo. Yeye mwenyewe alifariki kwa ajali ya barabarani Nairobi mwaka 1995. Hoja yake haimtoi dereva lawamani yote, lakini inawaita wengine waje wasimame naye. Mwenye lori anayempimia dereva mafuta hadi lita ya mwisho ameushika ule mkono ulioweka gia huru. Aliyejaza trela kupita kiasi naye yumo.

Kumwachia Mungu yote haya ni kumsingizia. Wazee wa kanisa na maimamu wa Navakholo wanaosimama makaburini wana sauti ambayo polisi hawana. Wakishamaliza kufariji, wiki moja baadaye, waende kwa mwenye gari wamuulize: lori lilikuwa gia gani, na nani alimwambia dereva aokoe mafuta?