JE, KANGA WA PORI ANA MWENYEWE?



Hapa Kasulo ulizo moja limeinuka wakati wa nsinsani. Vijana walitaka kuleta sadaka ya kanga wa pori waliopigwa katika miezi ya mvua, wakati Leta imefunga kuwinda, tena bila kibali. Wengine walisema: sadaka ni sadaka, Mungu anaangalia moyo. Wengine walisema: kitu kilichopatikana kwa kuvunja sheria hakiingii mbele za Mungu. Tunaandika ili tufikiri pamoja, bila kuhukumiana.

Wanaosema kanga hana mwenyewe wana sababu yao. Kitabu cha Mwanzo kinasema mwanadamu alipewa kutawala ndege wa anga. Kanga wa pori hakuna aliyemlisha, hakuna aliyemjengea kibanda. Leta haikumuumba. Basi, kwa nini iuzishe karatasi juu yake?

Tunajibu hivi: kanga ana mwenyewe, naye ni Mungu. Sisi tuliwekwa kuwa walinzi wa mali yake. Na kanuni ya kwanza juu ya ndege haikutoka kwa Leta. Someni Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Mtu akikuta kiota njiani na mama amelalia mayai au makinda, hana ruhusa ya kuchukua mama pamoja na watoto. Mama aachwe aende. Tena amri hiyo ndogo imefungwa na ahadi ya siku nyingi, kama ile ya kuheshimu baba na mama. Mungu hakuona ndege kuwa jambo dogo.

Angalieni sasa kanga mwenyewe. Anataga chini, katika majani, wakati wa mvua. Mayai mara nyingi ni 6 mpaka 12, na anayalalia karibu majuma 4. Anayempiga wakati huo anapata chungu kimoja cha mboga ya kulia bukari, lakini ameua kundi zima la mwaka unaokuja. Musa na miezi ya kufunga wanasema neno moja.

Sheria ya inchi yetu juu ya kuwinda ni ya tarehe 28 Mei 1982, namba 82-002. Inasema mtu asiwinde bila kibali, inaweka nyakati za kufunga na kufungua, inakataza kuwinda kwa moto na kwa sumu. Haikumsahau mtu wa kijiji: iko kibali cha pamoja kwa ajili ya wakaaji wa kijiji, ili mkulima asilazimishwe kutafuta karatasi ya tajiri. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 iliongeza nguvu juu ya ulinzi wa viumbe.

Sisi wa Kasulo tunapaswa kufahamu jambo hili kuliko wengine. Mwaka 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba, kila mtu alisema: kiwanja ni changu, nachimba. Lakini shimo halikai katika kiwanja kimoja. Linaingia chini ya jirani, na ukuta wa jirani unapasuka. Vivyo hivyo na pori. Mmoja akisema kanga ni wangu peke yangu, mtoto wa jirani atamjua kanga kwa hadithi tu.

Mfano mwingine unatoka Marekani. Kule dindo, ndiye bata mzinga, anaishi porini. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa karibu kwisha, kwa sababu kila mtu alipiga alivyopenda. Wakafunga miezi, wakatia vibali, na tangu 1937 kodi ya bunduki na risasi inarudishwa kulinda nyama wa pori. Leo wanahesabiwa kwa mamilioni, na watu wanaendelea kuwinda. Makuta ya kibali yakienda pahali pake, yanalisha pori.

Lakini kuna lalamiko la kweli, nasi hatutalificha. Maskini anakamatwa na kanga wawili, na mkubwa anapita na gari limejaa nyama. Tena miti inakatwa kwa makala na udongo unapinduliwa kwa migodi, na ndege hana pa kutaga. Je, sheria isiyomshika mkubwa inatufunga sisi?

Tukumbuke Papa Simon Kimbangu. Sheria ya wakoloni ilimhukumu kifo tarehe 3 Oktoba 1921, kisha akafungwa maisha, akafa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Kwa hiyo hatuwezi kusema kila sheria ni nzuri. Sheria ile ilitaka kunyamazisha Neno la Mungu, na kwa hiyo haikuweza kutiiwa. Lakini hii inazuia mkono usimkamate mama juu ya mayai. Ile ilipigana na amri ya Mungu, hii inaisaidia. Dhambi ya mkubwa ni yake, na atajibu. Haigeuki kuwa ruhusa kwetu.

Na sadaka? Mfalme Daudi, katika 2 Samweli 24:24, alipopewa bure kiwanja na ng'ombe, alikataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Kanga wa wizi amegharimu nani? Si mtoaji. Amegharimu pori na watoto wetu. Kwa hiyo tunaona asipokelewe, lakini kijana aliyemleta apokelewe kwa upole. Kikombe cha unga kilichopatikana kwa jasho kinatosha.

Tunajua maneno yetu matatu: upendo, amri, kazi. Upendo: tuwaachie wanaokuja nyuma. Amri: tusiwinde wala tusinunue sokoni katika miezi iliyofungwa. Kazi: wanaowinda waende pamoja kwa chifu kuomba kibali, walipe kwa risiti, wala si kwa mkono wa gizani, na anayeweza afuge kuku nyumbani.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.

Shemasi, Kasulo