Kilio na Niyaha: Maana Zake na Hukumu Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad na aali zake na sahaba zake.

Ama baad. Jua, ewe ndugu yangu, Mungu akurehemu, ya kuwa kilio katika lugha yetu ni neno la maana mbili. Twasema kilio kwa chozi la mfiwa; tena mtu hunena, "Naenda kilioni," akikusudia nyumba ya msiba pamoja na mabusati yake na masufuria yake. Waarabu wamepambanua. Bukaa ni kulia. Nadbu ni kuyataja mema ya maiti kwa majuto, kama kumwita mlima wangu, kimbilio langu. Niyaha ni kuipaza sauti kwa hayo. Na katika mbolezi zetu nyingi zimo zote mbili.

Imamu Nawawi katika Minhaji amejuzisha bukaa, kabla ya mauti na baada yake, akaharimisha nadbu na niyaha na kujipiga kifua. Basi usimkemee mfiwa kwa chozi lake. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 wa Hijra, macho yake yalitoka machozi, hata Abdurrahmani bin Aufi akastaajabu. Akajibiwa kuwa hiyo ni rehema.

Ama hadithi ya maiti kuadhibiwa kwa kilio cha jamaa zake, Bibi Aisha aliikataa, akatoa hoja katika Kurani kuwa hapana abebaye mzigo wa mwingine. Wanachuoni wetu wengi wasema ni juu ya aliyeusia aliliwe hivyo. Nasi wanaume twawalaumu wake kwa sauti zao, na huku wako miongoni mwetu wanaousia matanga makubwa!

Na hapa ndipo penye khatari. Jaafari alipouawa Muta, mwaka wa 8, Mtume aliamrisha wafiwa wapikiwe chakula, maana yamewafika ya kuwashughulisha. Sisi twaipindua: mfiwa ndiye atupikiaye. Mimi nami nilikula wali katika matanga ya mtu aliyeacha watoto wadogo, wala sikuuliza mchele umetoka wapi. Baadaye nikajua umenunuliwa kwa mali ya marehemu kabla ya kugawanywa. Fungu la yatima halihalaliki kwa idhini ya ami yao, wala kwa haya ya mama yao. Aliyelitumia hana budi kulilipa. Nilipeleka thamani ya nilichokula kwa mlezi wao.

Wallahu aalam.