Gugu na Hukumu

Katika mashamba ya Idete, bonde la Kilombero, mpunga una adui mwenye ua zuri: mmea utambaao, wa ukoo mmoja na kiazi kitamu. Hauna shina la kusimama peke yake. Hujizungusha katika mpunga, hupanda kutafuta jua, na mwenyeji huinama kwa uzito wa mgeni. Mkulima huung'oa leo, na mbegu zilizolala ardhini huota kesho. Ana haki kuung'oa, maana chakula cha watoto wake kimo hatarini. Lakini kiazi hutambaa vile vile, na majani yake, matembele, ni mboga ya heshima. Basi ugugu si tabia ya mmea. Ni hukumu ya shamba. Hata mpunga, ukiota kati ya viazi, hung'olewa.

Hukumu hii yafaa kwa jembe, haifai kwa ulimi. Bonde hili limepokea wakulima na wafugaji wa makabila mengi, na agombeaye ardhi huona rahisi kumwita mwenziwe gugu. Ugomvi wa mipaka wastahili mizani ya sheria. Mmea hauwezi kujitetea wala kuahidi. Mtu aweza yote mawili, na kabla ya kuhukumiwa yapasa asikizwe.